Pendekezo langu kuhusu huduma za benki kwa simu limerudishwa mara ya tatu. Bado kuna la kutafiti hapa?

MsomiMchovu aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa waliowahi kuandika au kusimamia tasnifu kwenye eneo hili.

Nipo mwaka wa pili wa uzamili. Mada yangu ni mambo yanayoathiri kukubalika na kutumika kwa huduma za benki kwa simu. Mara ya kwanza msimamizi aliandika kwamba mapitio ya maandishi ni membamba. Nikaenda kusoma. Mara ya pili akasema haoni pengo la utafiti. Nikaenda kusoma tena. Juzi limerudi, kurasa 41, halina wino mwekundu popote isipokuwa chini ya orodha ya nadharia tete zangu, ambako ameandika maneno mawili tu: "Kwa hiyo?"

Siku ya nne leo nayatazama hayo maneno mawili.

Kusoma nimesoma. Nimechora jedwali la makala zote nilizopitia: mwandishi, mwaka, nadharia, ukubwa wa sampuli, matokeo. Kufika katikati, safu ya nadharia nikawa nainakili tu kutoka mstari wa juu: TAM, TAM, UTAUT, TAM ikiongezewa uaminifu, UTAUT2 ikiongezewa hatari, zote modeli za kueleza kwa nini watu hukubali teknolojia. Safu ya matokeo ndiyo hiyohiyo. Mtu akiona huduma ina faida, anakusudia kuitumia. Akiiona rahisi, anakusudia. Akiiogopa, hakusudii. Mdogo wangu alichungulia jedwali nikiwa nimeinama juu yake, akauliza, "Hili si kila mtu analijua?" Nikamtoa chumbani. Lakini swali lake limebaki.

Mpango uliopo mezani: UTAUT2 nikiongezea hatari inayohisiwa, hojaji 384, uchambuzi kwa SmartPLS, programu ya takwimu. Nimebakiwa na miezi minane. Je, eneo hili limekwisha? Nikibadili kigeu kimoja (jambo moja ninalolipima) itatosha? Au nitupe mada yote nianze upya?

---

KamalizaTayari:

Mkuu, usijitese. Ongeza kigeu kimoja ambacho wengine hawajakitumia, andika kwenye sura ya kwanza kwamba "tafiti chache zimefanyika katika muktadha huu", sambaza hojaji, pata Cronbach alpha (kipimo cha kama maswali ya hojaji yanakubaliana) juu ya 0.7, umalize. Mimi niliweka "ushawishi wa marafiki" nikapita. Hakuna aliyeniuliza kwa hiyo.

---

HojajiYaZamani:

Mdogo wangu MsomiMchovu, hiyo 384 imenichekesha mwenyewe hapa, maana ni yangu. Na ya huyo KamalizaTayari pia, nina hakika. Ni ya jedwali la Krejcie na Morgan la 1970: unashuka mpaka mstari wa chini kabisa, wa idadi ya watu milioni moja, unaichukua 384 kama umepewa na mbingu. Tunachosahau ni kwamba jedwali lile linadhani umewachagua watu kwa nasibu. Mimi niliwachagua kwa kusimama mlangoni mwa tawi la benki na bahasha kwapani.

Nikusimulie, halafu tuje kwenye maandishi.

Tasnifu yangu ilikuwa na nadharia tete saba. Zote saba zilikubaliwa. Nilifurahi kweli, na wakati ule sikujiuliza utafiti gani huo usiokosea hata mara moja. Asubuhi moja pale mlangoni nilimpa hojaji mzee mmoja. Akaigeuza, akanirudishia kwa adabu, akasema, "Hayo ya simu muulize mwanangu, ndiye anayeijua simu yangu." Nikaandika "amekataa" kwenye daftari, nikamkimbilia kijana aliyekuwa nyuma yake mwenye simu kubwa mkononi. Leo nakwambia bila aibu kwamba sentensi ya yule mzee ilikuwa na utafiti ndani yake kuliko kurasa zangu zote 112, na mimi niliihesabu miongoni mwa hojaji zilizopotea.

Baadaye nikaajiriwa kwenye benki moja, sitaitaja, kazi yangu ikiwa kuhesabu kumbukumbu za huduma yao ya simu. Huko ndiko nilikokutana na watu wa hojaji yangu, safari hii bila kalamu mkononi. Wapo waliofungua huduma mara moja, siku ya kuandikishwa, pale kaunta, na mfanyakazi mwenye malengo ya mwezi ndiye aliyewabonyezea. Baada ya hapo kimya. Wapo waliotokea mara moja kwa mwezi, wakatazama salio, wakaenda kuchukua pesa yote taslimu. Na wapo, wachache kuliko matangazo yalivyotaka tuamini, walioifanya simu kuwa benki yao hasa. Kwenye hojaji yangu wote hawa walikuwa kundi moja: "ndiyo, natumia".

Sasa maandishi. TAM ilitoka 1989, Fred Davis. Aliipima kwa watumiaji 152 na programu nne za kompyuta. Mfikirie mtu wa utafiti ule: yupo kazini, kompyuta ipo mbele yake, na ikigoma atamwita fundi. Akikosea kubonyeza, mshahara wake hauondoki kwenda kwa mtu asiyemjua. Mbele ya mtu huyo, kuuliza "ina faida? ni rahisi?" kunatosha kabisa. Sisi tukayachukua maswali yaleyale, tukafuta jina la programu, tukaandika "huduma za benki kwa simu", tukawapelekea watu ambao kosa la kidole kimoja linaweza kuwalaza njaa.

Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake wakaunganisha modeli nane kuwa UTAUT. Mwaka 2012 wakaja na UTAUT2, wakiongeza raha, thamani ya bei na mazoea, kwa kuwa sasa walikuwa wanamzungumzia mnunuzi na si mfanyakazi. Hiyo ya 2012 ilipimwa kwa watumiaji 1,512 wa intaneti ya simu, na ilieleza asilimia 74 ya tofauti za kusudio kati ya mtu na mtu lakini asilimia 52 ya tofauti za matumizi. Rudi uzitazame namba hizo mbili. Hata kwa wenye modeli yao, ukitoka kwenye kusudio kwenda kwenye matumizi kuna kitu kinamwagika njiani. Na wengi wetu tunaoiazima tunaishia kwenye kusudio, kwa sababu kusudio unaliuliza na kuondoka siku hiyohiyo.

Wala si siri. Straub na wenzake mwaka 1995 walilinganisha matumizi ya ujumbe wa sauti ofisini kama watu walivyosema na kama mashine ilivyorekodi, wakakuta mambo hayo mawili hayafuatani sana. Turner na wenzake mwaka 2010 walipitia tafiti za TAM, wakaona kwamba faida na urahisi vinabashiri matumizi halisi kwa udhaifu kuliko kusudio linavyobashiri. Bagozzi, ambaye aliandika pamoja na Davis mwaka uleule wa 1989, alirudi 2007 kuisema modeli waliyoilea kwamba imerahisisha mambo kupita kiasi. Kwa hiyo msimamizi wako hakuonei. Anakuuliza lililoulizwa na wakubwa wa eneo lenyewe.

Kuhusu benki kwa simu hasa, tafuta mapitio ya Shaikh na Karjaluoto ya 2015. Walichambua tafiti 55. Walisema maandishi yametawanyika, yanaegemea mno TAM na wajukuu zake, na vichocheo vikubwa vya kusudio ni ufaafu, mtazamo wa mtu, na huduma kupatana na maisha yake na kifaa chake. Hapo kwenye kupatana na maisha ndipo ningekaa mimi. Ukiliweka kwenye kipimo cha Likert, "huduma hii inaendana na maisha yangu, 1 mpaka 5", utapata 4, na hutajua chochote. Maisha yepi? Simu ya nani?

Kuna kabila la pili la watafiti ambalo naona kwenye jedwali lako halimo: wachumi. Hawa hawaulizi kusudio. Jack na Suri, kwenye makala yao ya 2014 kuhusu M-Pesa, waliangalia kaya zikipatwa na msukosuko, kama ugonjwa au kupoteza kazi. Kaya zisizotumia huduma zilipunguza matumizi yao ya maisha kwa asilimia 7, zinazotumia hazikutikisika. Sababu ni ya kawaida kabisa: ndugu na marafiki waliweza kutuma pesa kwa gharama ndogo. Mwaka 2016 wakaandika tena kwamba ufikiaji wa huduma hiyo umezitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na kipimo chao kilikuwa kusogea kwa mawakala karibu na watu, si maoni ya watu. Usimeze tu, maana 2019 Bateman, Duvendack na Loubere waliipinga wakisema haikutazama biashara zinazokufa wala madeni. Soma pande zote mbili, ndipo utaona ugomvi wenye nyama, si ule wa alpha ni 0.71 au 0.74.

Na usikose jaribio la Niger la Aker na wenzake, lililotoka 2016. Baada ya ukame, msaada wa pesa uligawiwa kwa njia tatu. Kundi moja lilipata taslimu, la pili likapata kwa simu, la tatu likapata taslimu lakini likapewa na simu vilevile. Hilo la tatu ndilo akili ya kazi yote. Bila hilo usingejua kama mabadiliko yameletwa na kutumiwa pesa kwa simu au na kumiliki simu tu. Mimi na hojaji zangu 384 hatukuwahi kuwaza hata nusu ya hilo.

Halafu, samahani nimerefusha, tenganisha maneno yako. Benki kwa simu ni akaunti ya benki unayoifikia kwa simu. Pesa kwa simu mara nyingi ni ya kampuni ya simu na mawakala wake, na mwenye kuitumia anaweza asiwe na akaunti ya benki maisha yake yote. Nimeona makala zinaanza na moja, zinapima nyingine, zinahitimisha kwa zote mbili. Hofu za watu hazifanani, gharama hazifanani, hata wa kumlalamikia si yuleyule.

Jibu langu kwa kifupi: usitupe mada. Swali la "nini humfanya mtu akusudie kutumia" ndilo lililojibiwa mpaka likachakaa.

---

MwalimuWaNamba:

Dada HojajiYaZamani nakubaliana nawe karibu kote, ila TAM mnaionea. Kisu hakina kosa kama umekichukua kuchotea supu. Davis aliuliza swali jembamba na akalijibu vizuri. Kosa liko kwetu walimu tunaowapa wanafunzi modeli kabla hawajawa na swali.

Kosa kubwa zaidi kwenye tasnifu ninazosoma ni hili: chanzo na matokeo vinapimwa kwa mtu mmoja, karatasi moja, kalamu moja, dakika kumi zilezile. Mtu aliyeamka vizuri anajaza 4 na 5 kuanzia juu mpaka chini, na sisi tunauita uhusiano. Podsakoff na wenzake walilieleza tatizo hilo kwa kirefu mwaka 2003 na bado watu wanalitibu kwa jedwali moja kwenye kiambatisho. MsomiMchovu, ukipima maoni leo na matumizi baada ya miezi mitatu, hata TAM yako itapumua.

Na tahadhari kwa dada: kumbukumbu za benki nazo zinadanganya kwa namna yake. Zinaonyesha kidole, hazionyeshi ni cha nani. Yule mzee wako angeonekana kwenye kumbukumbu kama mtumiaji hodari, kumbe ni mwanawe. Na asiyejiunga kabisa hayumo humo hata kivuli.

---

HojajiYaZamani:

Mwalimu, la mzee umenishinda. Miaka yote namsimulia na sijawahi kufikiri kwamba huenda nilimhesabu tena kule benki kama mtumiaji hodari.

Hilo lina sura kubwa. Pakistani na Bangladeshi matumizi ya namna hiyo yalifahamika sana: mteja anampa wakala taslimu, wakala anatuma kwa kutumia akaunti yake mwenyewe, mteja hana akaunti wala hajui menyu inafananaje. Je, huyo ametumia? Ukimuuliza atasema ndiyo. Mfumo utasema hapana.

---

MsomiMchovu:

Dada, mwalimu, ahsanteni sana. Nimesoma mara tatu, ya mwisho kwa kalamu.

Nimetafuta namba za GSMA, chama cha kimataifa cha kampuni za simu, ili nione kama pengo hili lipo nje ya hadithi. Mwaka 2023 akaunti za pesa kwa simu zilizosajiliwa duniani zilikuwa bilioni 1.75. Zilizotumika ndani ya siku 30 zilikuwa milioni 435. Yaani robo tu! Najua ni pesa kwa simu na si benki kwa simu (nimejifunza, dada). Lakini kwenye jedwali langu lote sioni makala inayoanzia hapo, kwa wale robo tatu waliobaki.

Jambo jingine nimeliona aibu kulisema, ila ndilo lililonifumbua macho. Mimi ndiye ninayemfanyia shangazi miamala yake yote. Namba yake ya siri naijua kuliko yangu. Na nimeandika kurasa 41 kuhusu matumizi ya huduma hii bila hata mstari mmoja juu ya shangazi.

Rasimu ya swali jipya: "Walioandikishwa wakaacha, na wanaotumia kupitia mkono wa mtu mwingine, wanafanya nini na pesa zao, na nani anabonyeza?" Nimeuliza benki mbili kama zitanipa kumbukumbu zisizo na majina. Moja haikujibu. Nyingine imenitaka barua ambayo hata chuo hakijui inatolewa na ofisi gani. Nikikosa kumbukumbu nitapimaje matumizi halisi?

---

KamalizaTayari:

Nakumbusha tu: miezi minane.

---

HojajiYaZamani:

Miezi minane inatosha kama hutaki watu 384. Achana na benki. Kumbukumbu unayoitaka imo mfukoni mwa mtu unayemhoji.

Kaa naye, mwombe afungue mwenyewe orodha ya miamala au jumbe za uthibitisho za siku 30 zilizopita. Ahesabu yeye, wewe usiishike simu. Andika mara ngapi na ya aina gani: kutazama salio, kutuma, kulipa, kutoa. Kiasi cha pesa usikiandike, jina la aliyetumiwa usilione. Kabla hajafungua muulize anadhani ametumia mara ngapi, uiandike namba hiyo pembeni. Tayari una kusema na kutenda kwa mtu mmoja, jambo ambalo Straub alihitaji mashine ya ofisi nzima kulipata. Halafu kwa kila muamala uliza swali moja: hapa nani alibonyeza?

Namba ya siri usiulize, usiione, na mtu akikutajia kwa ukarimu mkatishe. Liandike hilo kwenye fomu ya ridhaa kwa herufi kubwa, kamati ya maadili itakupitisha haraka zaidi. Na ya shangazi mwambie aibadilishe kabla hujaanza, kwa sababu utaulizwa.

Watu 40, kwa makusudi, si kwa mlango: wanaotumia wenyewe, walioacha, wanaofanyiwa, na wale wanaowafanyia wengine. Hilo kundi la mwisho, la akina wewe, sijaliona likihojiwa ipasavyo popote. Anza nalo.

---

MwalimuWaNamba:

Nyongeza mbili. Kwa watu 40 usiandike asilimia, andika hesabu. "Watu 9 kati ya 40" ni ukweli, "asilimia 22.5" ni majivuno. Ya pili: walioacha ni wagumu kupatikana kwa sababu hawajioni kama walioacha. Ukiuliza "kwa nini uliacha?" watakujibu "sijaacha". Uliza mara ya mwisho ilikuwa lini na nini kilitokea siku hiyo. Mara nyingi utakuta simu ilibadilishwa, namba ya siri ilisahaulika, au pesa ilikwenda kusikokusudiwa. Hatari inayohisiwa yenye kipimo cha 1 mpaka 5 haitakuambia kwamba pesa ilikwenda kusikokusudiwa.

---

MsomiMchovu:

Shangazi amebadilisha. Imemchukua nusu saa na amekataa nisimame karibu. Kisha akaniuliza kama bado nitamfanyia miamala yake au nimemsusa.

Namwona msimamizi Alhamisi saa nne. Nadharia tete nimezifuta zote, nimebaki na swali moja na fomu ya ridhaa. Naogopa atauliza modeli yangu iko wapi.

---

HojajiYaZamani:

Akiuliza, mwambie alichokuuliza shangazi.